Vingine Kawaida

Daktari wa chumba cha maiti alikuwa ametoa ushahidi mahakamani mara sitini na tatu bila kutikisika. Siku hiyo alieleza kwa utulivu. Mfupa mdogo wa koo ulikuwa umevunjika, na misuli ya shingo ilikuwa imevilia damu. Marehemu hakuanguka bafuni kama mumewe alivyodai. Alinyongwa.

Mume alisimama kizimbani, suti imenyooka kwa pasi. Mama mzazi wa marehemu alikaa benchi la mbele, mkoba mapajani.

Wakili wa utetezi aliinuka.

"Pole na kazi, Daktari. Ukurasa wa tatu, kifuko cha nyongo. Uliandika nini?"

"Kawaida."

"Ulikiona?"

"Ni sehemu ya uchunguzi."

"Sikukuuliza hivyo, mzee wangu. Ulikiona?"

Daktari aliutazama ukurasa wa tatu. Tangu daktari mwenzake astaafu, alipasua hata maiti tisa kwa siku. Akishapata sababu ya kifo, humwambia karani wake, "Vingine kawaida." Karani hujaza nafasi zilizobaki, naye hutia sahihi.

Wakili aliinua karatasi. "Hospitali inasema kifuko hicho kilitolewa miaka miwili kabla ya kifo. Kiliota tena kama uyoga?"

Watu walicheka.

"Ni kweli kilitolewa!" mama alisema kwa sauti, akifurahi kwamba hatimaye kuna jambo analolijua. "Nilimuuguza mwenyewe wiki nzima!"

Mwendesha mashtaka alifumba macho.

Daktari angeweza kumtupia karani lawama. Alilifikiria hilo, tena si kwa muda mfupi.

"Sikukitazama," alisema. "Lakini shingo niliichunguza mwenyewe, tabaka kwa tabaka."

"Picha ziko wapi?"

"Kamera ilikuwa mbovu."

"Na mwili umeshachomwa, hauwezi kuchunguzwa tena. Kwa hiyo tuuamini ukurasa wa kwanza, huu wa tatu tufungie maandazi?"

"Niliyoyasema kuhusu shingo ni kweli."

"Na ulipoandika 'kawaida', hukusema ni kweli? Sahihi si ileile?"

Wakili aliketi.

Hukumu ilisomwa baada ya wiki mbili. Jaji alisema kwamba ripoti iliyoona kiungo kisichokuwepo haiwezi kumtia mtu hatiani, na ushahidi mwingine haukuwepo. Mume alitoka akipeana mikono na ndugu zake.

Mama alimkuta daktari kwenye korido.

"Daktari, nikuulize kitu. Ile shingo ya mwanangu uliiangalia kweli?"

"Niliiangalia, mama."

"Na alinyongwa?"

"Alinyongwa."

Mama aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayehakikisha hesabu aliyokwisha kuipiga.

"Basi tunajua sisi wawili. Na yeye wa tatu."

"Nisamehe, mama."

"Hilo tuliache kwanza. Nina mjukuu nyumbani, ana miaka minne. Tangu mama yake afe analala na mimi. Baba yake amesema Jumamosi anakuja kumchukua." Aliuhamisha mkoba mkono wa pili. "Wewe ndiye msomi. Nimfungashie nguo zake, au nimfiche?"

Mama alisubiri mbele yake kwa adabu, kama mgonjwa anayesubiri dawa dirishani.