Kabureta ya Marehemu Ditram

Mzee Yeremia wa Mamboya hakwenda Mikumi kuzika. Alikwenda kudai kabureta, na wala hakuona haya.

Gari yake ya Pijo 404 ndiyo iliyomleta mkewe Generoza nyumbani siku ya harusi. Tangu Generoza afariki, mzee alitamani jambo moja tu: kuisikia ikinguruma tena kabla naye hajaitwa. Lakini wezi wa vyuma chakavu walikuwa wameing'oa kabureta. Kiwanda kiliacha kuzitengeneza zamani. Mafundi wa Morogoro walimcheka, Kariakoo wakamuuzia ya pikipiki. Pijo nyingine aliyoijua ilikuwa ya rafiki yake Ditram, imelala Mikumi bila magurudumu, kuku wakitagia kwenye siti. Kila mwaka Yeremia alikwenda kuomba, na kila mwaka Ditram alimjibu, "Ningoje nife kwanza."

Basi, kafa. Na kwa kuwa makabila yao ni watani tangu enzi za mababu, Yeremia aliijua haki yake. Jeneza lilipofika makaburini akavua viatu, akateremka kaburini, akajinyoosha chali.

"Hapa hazikwi mtu!" akasema. "Bahili huyu anipe kabureta yangu kwanza!"

Padri akatazama saa. Waombolezaji wakaangua kicheko, maana mtani hafukuzwi msibani.

"Shemeji, toka, jua kali," akasihi Agnesi, mjane wa marehemu.

"Huku chini kuna ubaridi mzuri. Kabureta."

Bodaboda ikatumwa nyumbani, ikarudi na kabureta imefungwa kwenye khanga. Yeremia akaibusu, akavutwa juu, akatupia udongo kwa adabu zote.

Aliporudi Mamboya akaifungua aisafishe. Jeti haimo: kile kidude cha shaba chenye tundu, kinachopitisha petroli. Bila hicho, kabureta ni chuma cha kuzuilia mlango. Akampigia Agnesi simu kukiulizia.

"Eeh, shemeji. Alipozidiwa alikifungua mwenyewe, akaniusia nikitie mfukoni mwa koti lake la kuzikiwa. Nikakitia."

"Agnesi! Yaani nimelala kaburini bure?"

"Alijua utalala. Akasema ukipiga simu nikwambie, 'Njoo ukichukue mwenyewe.'"

Yeremia alicheka mpaka akakaa chini, na kicheko kikamgeukia kilio, kile alichosahau kumlilia Ditram makaburini. Alipotulia, akafunga boneti taratibu.

"Haya, bahili we," akasema. "Nitunzie."