Sufuri Si Uzima

Daktari Brítez alifungua faili, akatabasamu. "Miezi kumi na minne kifafa hakijakuangusha hata mara moja. Sufuri! Sasa unataka nini tena, mama?"

Deolinda Ovelar alitaka mengi, na la kwanza lilikuwa kumtwanga na fremu aliyoipakata. Akajizuia, akaiweka juu ya faili lile. Kitambaa kilikuwa kimewambwa vizuri, na juu yake maua ya nyuzi, ñandutí, kazi ya wanawake wa mji wao wa Itauguá tangu enzi za mabibi. Maua yenyewe yalikuwa aibu tupu. Dada yake, Fermina, alitaka kuyafumua kabla hawajatoka nyumbani, Deolinda akagoma.

"Basi hesabu na haya," alisema. "Dada ananifundisha Jumatatu, Jumanne nimesahau. Maua sita, yote mabovu! Zamani nilikuwa naliona ua leo, kesho ninalo mkononi."

"Umri huo, mama."

"Nina miaka thelathini na miwili! Umri wa nani, wako?"

Fermina alicheka mpaka tereré, chai baridi aliyokuwa akinywa, ikampalia. Alipopata pumzi, kicheko kilikuwa kimekwisha. "Daktari, huyu hali, haongei. Juzi kaniambia anatamani alale asiamke. Hiyo nayo umeiandika?"

Haikuandikwa. Daktari alivua miwani, na kwa mara ya kwanza akaongea kama mtu. Ubongo, alisema, hujifunza kwa kujifungulia njia mpya. Dawa ile huzima kifafa, lakini kwa wengine huzibana na njia hizo, na huleta sonona. Ipo nyingine, na ipo ya sonona pia.

"Tutabadilisha polepole, usiache hata kidonge kwa kujiamulia. Ila unaweza kuanguka tena. Mbele za watu."

"Nilishaanguka kwenye maandamano ya mtakatifu, padre akaniruka. Nimekufa?"

Mwezi wa tatu wa dawa mpya, alianguka. Ilikuwa mchana kweupe, kwenye kibanda wanakouzia ñandutí yeye na dada yake, wateja wakatawanyika. Alipozinduka kichwa kilikuwa mapajani mwa Fermina na mdomo umevimba.

"Si tulisema!" Ña Celsa, bibi wa kibanda cha pili, alishika kiuno. "Angebaki na dawa yake ya zamani, maskini."

Deolinda hakuogopa macho ya watu; aliogopa kwamba ua alilojifunza Jumamosi limefutika kichwani. Alivuta fremu. Sindano ikamponyoka mara mbili. Fermina akafungua kinywa amwelekeze.

"Nyamaza, dada."

Uzi ukapita juu, ukapita chini, ukarudi. Petali ya kwanza. Ya pili. Ua zima lilikuwemo, halikupungua hata fundo. Machozi yalimtoka, akayaacha yatoke.

"Ña Celsa," aliita, "dawa ya zamani kameze wewe! Ukimaliza, leta kigoda chako hapa. Jumamosi nimejifunza ua ambalo wewe hulijui, nikufundishe."