Foleni ya Mioyo ya Kike

Usiku wa kuamkia leo nimeota nimekwenda hospitali kudai betri ya moyo, kile kifaa cha kuusukuma upige.

Mume wangu, Elinihaki, anayo. Alianguka sokoni mara moja tu, na kabla wiki haijaisha wakamwekea kifuani. Mimi nimeanguka jikoni, kanisani na kwenye ngazi za benki, na kila mara daktari huniambia nipunguze mawazo.

Ndotoni kuna milango miwili. Wa wanaume uko wazi. Mzee mmoja anaingia akijikongoja, anatoka akipiga mluzi. Wa wanawake umefungwa, na mbele yake kuna foleni. Anayetoa amri ni mizani, ile ya kupimia uzito.

"Hapa mtu husogea kwa mapigo," inaniambia. "Moyo ukipiga, hatua moja. Usipopiga, subiri."

Naiuliza mbona wanaume hawafanyi hivyo.

"Moyo wa mwanamume ukisimama, umesimama. Wa mwanamke ukisimama, amechoka."

Inasema bila ubaya, kama muuza duka anayetaja bei ya sukari. Najipanga. Moyo unapiga, nasogea. Kisha kimya kirefu. Mbele yangu wanawake wanazeeka wakiwa wamesimama. Nywele zinageuka nyeupe kuanzia kisogoni, migongo inapinda. Hakuna anayelalamika.

Ukuta unaondoka. Foleni sasa iko jikoni kwa mama yangu, kule Usangi. Betri zinapitishwa kwenye sinia, na moja inanikagua kifua.

"Wewe mwembamba," inasema. "Njia ya kuniingiza ni finyu. Wasipoangalia watatoboa pafu. Lakini kuchelewa ni kubaya zaidi."

Mwanamke aliye mbele yangu hasogei kabisa. Namgusa bega, anageuka. Ni mama. Alifia hapo hapo, kando ya mafiga, na sisi tukaambiwa ni uchovu.

"Nakijwa, wamekukalisha chini upumzike?"

"Bado, mama."

"Mimi walinikalisha."

Ananishika kifundo cha mkono, anasikiliza kama mtu anayengoja hodi kutoka mbali. Kisha ananitoa kwenye foleni na kunivuta hadi mlango wa wanaume. Mizani inasema hairuhusiwi. Mama hageuki. Ananisukuma ndani.

Nikaamka. Elinihaki alikuwa ameketi kitandani, ananikodolea macho. Akaniambia nilikuwa kimya muda mrefu mno, alidhani nimekata roho.

"Vaa viatu, Baba Nanzia," nikamwambia. "Twende hospitali. Leo siondoki mpaka wapime moyo, si mawazo."

Alipoinama kutafuta viatu vyake, nikaenda kunawa uso. Kwenye kifundo cha mkono wangu wa kushoto kulikuwa na alama za vidole vinne, nyeusi, za masizi.

Nyumbani kwetu tunapikia gesi.