Ufunguo Ndani ya Yai la Chumvi

Mwalimu Mkuu alikuwa na meno ya kazini. Wengine wana viatu vya kazini, wengine koti la kazini. Yeye alikuwa na meno. Yaling'aa kama vigae vya bafu la tajiri, na yalimbana ufizi vibaya mno, hivi kwamba kila jioni kabla ya kufunga ofisi aliyavua, akayalaza kwenye glasi ya maji ndani ya droo, kisha akarudi nyumbani mdomo mtupu, akitembea mbiombio asije akasalimiwa na mtu.

Mkewe alishazoea. "Mume wangu," alimwambia siku moja, "ukistaafu wewe, mshahara wataendelea kuyapa hayo meno, maana ndiyo yanayolala kazini."

Mbali na mkewe na daktari wa meno, hakuna aliyejua. Na nani angeshuku? Mtu mwenyewe alikuwa haishiwi maneno! Wanafunzi walimwita Redio. Asubuhi alisimama mstarini kutoa tangazo dogo tu, jua likapanda, watoto wa mbele wakaota ndevu, na yeye bado anakohoa kusafisha koo. Wapo wanaosema kuna mwaka kunguru alianza kujenga kiota juu ya mlingoti wa bendera Mkuu alipofungua hotuba, akataga, akaatamia, na makinda yakaruka wakati anasema "kwa hayo machache." Wanaosema hivyo ni waongo, lakini si waongo sana.

Basi katika shule hiyo akaletwa mwalimu mpya wa sayansi. Mwanamke mwembamba, mpole wa sauti, ambaye siku ya kwanza aliingia darasa la nne na ndoo ya maji mkono huu na ndoo ya maji mkono ule. Kabla ya saa ya mapumziko alikuwa tayari anaitwa Mwalimu Ndoo. Darasa lake lilitenganishwa na ofisi ya Mkuu kwa ukuta wa mbao, na tangu siku hiyo ukuta ule haukupata raha: vicheko, mabishano, vikombe kugongana, mtoto mmoja anapiga kelele "Nimekuambia mimi!"

Mkuu ilimkera. Yeye alifundishwa, na akafundisha, kwamba darasa linalosoma husikika kwa sauti moja: *chumvi huyeyuka katika maji, sukari huyeyuka katika maji, mchanga hauyeyuki katika maji.* Unaimba mpaka kengele, unakwenda zako. Akampigia simu afisa elimu. Njoo usikie mwenyewe, mama, halafu umpeleke pengine, penye nafasi ya kelele. Afisa akakubali kuja Alhamisi.

Habari haikukaa ofisini. Habari gani hukaa? Mwalimu Ndoo aliisikia akiwa chumba cha walimu, akaweka kikombe chake chini polepole. Alikuwa amezunguka shule kadhaa akiwa mwalimu wa muda, na hii ndiyo ya kwanza kumpa darasa lake mwenyewe. "Sitajitetea," akasema. "Alhamisi nitafundisha tu."

Jumatano alasiri akabisha hodi ofisini.

"Shikamoo, Mkuu. Nina ombi dogo. Funguo kuukuu, zisizo na kazi."

"Funguo! Jana vikombe, juzi udongo, leo funguo. Kesho utaniomba mlango."

"Mlango bado, Mkuu. Nikiuhitaji nitasema."

Wiki hiyo hiyo Mkuu alikuwa amenunua kufuli jipya baada ya mtu kuiba boksi la chaki. Kufuli lenyewe kubwa kama kobe. Ufunguo wa zamani ulikuwa bado mfukoni, ukilala pamoja na ule mpya. Akatia mkono, huku anahutubia juu ya nidhamu, akatoa ufunguo bila kuutazama, akampa. Jioni akalaza meno, akabana kufuli, ambalo hujifunga bila ufunguo, akaenda nyumbani roho yake nyeupe. Kesho Ndoo anaondoka.

Asubuhi ufunguo ukakataa kuingia. Akaugeuza. Akaupuliza. Ndipo akauona ulivyo na kutu, akautazama kama mtu aliyebebeshwa mtoto asiye wake.

Fundi wa shule akaitwa na nyundo. Aligonga mara moja tu. Kichwa cha nyundo kikachomoka, kikaruka juu ya paa la vyoo, na wanaopenda kutia chumvi wanasema hadi leo hakijatua.

"Mzee," fundi akasema akiushika mpini mtupu, "si wewe uliyetuambia kufuli hili hata faru halivunji?"

Mkuu alikuwa ameuziba mdomo mtupu kwa kitambaa.  Akakimbilia darasa la nne.

Ndani, mezani, palikuwa na mayai manne, si ya kuku. Mwalimu Ndoo alikuwa ameyafinyanga usiku: chumvi mbichi iliyoshindiliwa ikakaushwa juu ya moto hadi ikawa jiwe, sukari vilevile, udongo, na nta ya mishumaa. Katika kila yai, ufunguo: ule wa Mkuu na nyingine tatu za kuombaomba.

Mkuu alimwonyesha ule wenye kutu, akanyoosha kidole upande wa ofisini, akakunja uso.

"Ala!" Mwalimu Ndoo akaelewa upesi. "Ulinipa wa kufuli jipya? Mkuu, basi umo humu. Yai gani, sijui, sikuzitazama funguo." Akayaangalia mayai yake. Ndilo somo lote alilokuwa nalo. "Niyavunje?"

Mkuu alitaka sana kusema *vunja.* Lakini jaribu wewe kusema *vunja* bila meno ya juu. Na wakati uleule kivuli kikajaza mlango: afisa elimu, mama mnene mtulivu, mkoba kwapani.

"Hodi wenyewe. Nimekuta ofisi imefungwa."

Mkuu akapekua akilini maneno yasiyohitaji meno. "Karibu," akasema nyuma ya kitambaa.

"Nimekuja kwa lile jambo letu la simu. Utanieleza sasa?"

"Baadaye."

Mkuu akajikalisha kwenye dawati la nyuma, magoti yakigusa kidevu. Mwalimu Ndoo alimtazama kwa macho ya shukrani. Kumbe alidhani ameachiwa mayai yake kwa hiari. Watoto wakasimama. "Shikamoo, Mwalimu Mkuu!" Naye, bila kupenda, akalishukuru neno *marahaba* kwa kutokuwa na hata herufi moja ngumu.

"Leo," Mwalimu Ndoo akaanza, "kila kundi lina yai na kikombe cha maji. Toeni ufunguo. Hakuna kupiga, hakuna kukwangua. Maji ndiyo yafanye kazi."

"Hata kupiga kidogo, mwalimu?" aliuliza mvulana waliyemwita Nyundo, ambaye kwake kila tatizo lilikuwa msumari.

"Hata kidogo."

Yai la sukari lilikuwa la kwanza kulegea. Kundi lake likakoroga na kukoroga hadi ufunguo ukagonga kikombe. Mkuu akanyanyua shingo. Ulikuwa wa sanduku la nguo. Akarudisha shingo mahali pake.

Yai la udongo lilibomoka haraka na kuyachafua maji yakawa kahawia. Watoto wakashangilia kwamba limeyeyuka. Mwalimu Ndoo hakusema ndiyo wala hapana. Aliwaambia waache kukoroga, wakunje mikono, wangoje. Maji yakaanza kujichuja yenyewe, juu yakipata weupe, chini ukikaa udongo mzito. "Halijayeyuka!" akalalamika mmoja, kama aliyeibiwa. "Lilikuwa linajifanya!" Ufunguo wa udongo ulikuwa wa kufuli la baiskeli. Kundi la nta nalo lilikuwa likitazamana tu na yai lao. Maji hayakulifanya kitu chochote.

Likabaki la chumvi.

Kundi la chumvi liliongozwa na msichana mdogo aliyeitwa Shangazi, kwa sababu alisimama mikono kiunoni na kusema na watu wazima kana kwamba ndiye aliyewalea. Yai lao lilianza vizuri. Likapungua, likapungua, ncha ya chuma ikachungulia, kisha likagoma. Wakakoroga. Likagoma. Nyundo akakoroga hadi jasho likamtoka puani.

"Tulipige, jamani! Limebaki kidogo!"

"Wewe hebu tulia," Shangazi akasema. "Tumefundishwa chumvi inayeyuka. Kwa nini haiyeyuki?"

"Imechoka."

"Chumvi inachokaje? Labda maji ndiyo yamechoka."

Huku nyuma Mkuu aliona ile ncha ya chuma. Ilikuwa inang'aa. Wa kwake! Kidole kimoja tu cha kubandua, na meno yake yangekuwa mdomoni kabla afisa hajafungua mkoba. Alinyanyuka nusu. Lakini Mwalimu Ndoo alikuwa ameinama hapo mezani, akiwa hata hamwoni, akamuuliza Shangazi kwa ile sauti yake ya chini: "Utajuaje kama ni chumvi au ni maji?"

Halafu akanyamaza. Hilo ndilo lililomkalisha Mkuu. Katika miaka yake yote ya ualimu hakuwahi kuuliza swali na kuliacha liishi. Kila alipouliza alijibu mwenyewe papo hapo, kama anayeogopa litamng'ata. Huyu mwanamke, kazi yake iko mizanini, afisa yuko nyuma yake, alisimama tu, mikono imelowa, akingoja mtoto afikiri. Darasa zima likangoja. Mkuu akajikuta ameondoa kitambaa mdomoni bila kujua.

Shangazi alikuna kichwa. Akachukua chumvi laini kidogo iliyobaki kwenye kibakuli mezani, akaigawa mafungu mawili. Fungu moja akalitia kwenye maji yao. Likashuka chini, likakaa, likajilaza. Akachota kikombe kingine cha maji mapya ndooni, akatia fungu la pili, akakoroga. Halikuonekana tena.

"Chumvi ni ileile," akasema polepole. Kisha sauti ikapanda. "Chumvi haina kosa! Maji yameshiba! Yamekula chumvi mpaka hapa, hayana pa kuiweka nyingine!"

"Basi tuyabadilishe!" Nyundo akapiga kelele.

Yai likahamishiwa maji mapya. Likaanza tena kupungua, kwa hamu, kama halikuwahi kugoma. Mkuu alikuwa ameshaacha dawati, amesimama nyuma ya vichwa vya watoto, akinyoosha shingo kama wao. Aliimba *chumvi huyeyuka katika maji* tangu akiwa na meno ya kuzaliwa. Hakuna siku wimbo ule ulimwambia kwamba maji nayo yana kiasi chake.

Ufunguo ukaanguka, *ting.* Mwalimu Ndoo akaufuta kwa upindo wa gauni.

"Nadhani huu ni wako, Mkuu."

"Vizuri sana," alisema afisa akijiinua. "Mwalimu Mkuu, leo umekuwa mtu wa kutafakari, nimekupenda. Twende ofisini tumalize lile jambo."

Mkuu akauchukua. Akafika mlangoni. Ofisi ilikuwa hapo tu, na ndani ya droo heshima yake yote ilikuwa ikioga kwenye glasi. Ila kuna kitu kilikuwa kinamtekenya tangu yai lilipogoma. Aligeuka, akakiona kile kikombe cha kwanza, chenye maji yaliyoshiba, kimesukumwa pembeni ya meza, na karibu yake kimebaki kibakuli cha sukari. Kengele ikilia watavimwaga vyote, na yeye hatajua.

"Ebu ngojeni," akasema. "Ayo maji yaliyofiba fyumvi... fukari yatakubali?"

 Nyundo akapasuka kicheko, na darasa likamfuata, hadi mbao za ukuta zikatikisika. Afisa elimu aliinamia mkoba wake kutafuta kitu ambacho hakikuwemo. Mkuu alisimama pale pale, masikio yakiwaka moto, mdomo wazi mbele ya kila mtu, akingoja jibu.

Shangazi hakucheka. Mikono ilirudi kiunoni.

"Ni swali zuri, Mkuu. Ila mimi nasema hapana. Yameshiba ni yameshiba."

"We! Mimi hata nikishiba," Nyundo akasema akijifuta machozi, "keki naipatia nafasi."

Kelele zikaanza, huyu anasema ndiyo, yule hapana, na safari hii kilichobishaniwa ni swali la Mkuu. Mwalimu Ndoo hakumtazama mdomo hata mara moja. Alivuta kikombe katikati ya meza, akamkabidhi kijiko.

"Swali ni lako, Mkuu. Tia mwenyewe."

"Na lile jambo?" afisa akauliza kwa upole. "La mwalimu huyu?"

"Uyu aendi popote," Mkuu akajibu, upepo ukitoka kila upande wa neno. "Na famahani, mama, fogea kidogo. Unatukingia mwanga."

Afisa akasogea, upande ambao angeona vizuri zaidi.

Mkuu akatia sukari. Ikashuka, ikalala chini. Shangazi akatabasamu kama mshindi. Mkuu akakoroga polepole, ulimi ukichungulia pembeni ya ufizi, vichwa vimemsonga kila upande hadi akahisi pumzi za watoto shingoni. Sukari ikainuka kama moshi, ikazunguka, ikapungua. Ikapungua tena.

"Yanakula," alinong'ona Shangazi, tabasamu limemtoka, macho yamemtoka zaidi. "Jamani, yanakula! Ongeza, Mkuu."

Mkuu akaongeza.