Mtaji wa Mdoe

Siku hizi kila mtu mchumi. Unawasha redio, mchumi. Unakwenda sokoni, muuza dagaa naye mchumi! Enzi zetu pale Kwaluguru uchumi ulikuwa vitabu vitatu tu, na vyote nilivisoma mimi kwa sauti, mume wangu Mdoe akipukuchua mahindi.

Kijiji chetu cha ujamaa kilikuwa kinafungua duka la ushirika. Bwana Ponsiano, afisa ushirika, alikuja kutoka Korogwe akatutangazia kwamba meneja atapatikana kwa usaili, na anayelitaka duka asome kwanza vitabu vitatu vya uchumi. Akavitaja, mwalimu wa kisomo akaandika ubaoni. Jamani, Mdoe alilitaka duka lile! Mashine ya mkonge ilikuwa imemkata vidole vitatu, jembe halishiki sawasawa, na zama zile mwanamume asiyelima shamba la kijiji watu hawakuona haya kumwita kupe. Alisikia, na ugali ulikuwa haumshuki.

Tatizo, kusoma ndiyo kwanza alikuwa anatafuta tofauti ya b na d. Mimi nilifika darasa la nne. "Mama Fatu," akaniambia, "wewe soma, mimi nitaweka kichwani."

Vitabu viwili tuliazima kwa mwalimu. Cha tatu, kile kinene, nilipanda lori la mahindi hadi Korogwe kukifuata kwa Damayanti, mke wa mwenye duka la vitambaa, mwanamke aliyesoma hata gazeti lililofungia vitumbua. "Chukua, Mwaija," akasema, "lakini kikirudi kinanuka mafuta ya taa, mimi na wewe hatujuani!"

Alasiri zile, acha tu. Ninasoma aya moja, Mdoe anasimamisha gunzi. "Hapo rudia." Nikirudia, anapanga punje za mahindi mchangani kama kete za bao, anazisogeza huku na huku, anaguna. "Haya, twende." Mimi nilidhani anacheza tu. Nilimpenda miezi ile kuliko hata tulipooana, na sioni haya kusema.

Siku ya usaili tulikwenda Korogwe wote, Fatu mgongoni kwangu, maana nilikuwa narudisha kitabu cha watu. Mdoe akaingia ofisini, mimi nikasimama dirishani.

"Ndugu Mdoe," Bwana Ponsiano akaanza, "mtaji ni nini?"

Moyo wangu ukafurahi. Hilo lilikuwa ukurasa wa kwanza kabisa! Mdoe akajinyoosha kwenye kiti.

"Mtaji ni kula, bwana. Ukiwa na mtaji unakula kete za mwenzio, unazidi kukua. Ukikosa mtaji unatakata tu. Unazungusha kete zako zilezile, mkono unachoka, na huli kitu."

Wajumbe wa kamati ya usaili wakaangua kicheko. "Huyu kaja kucheza bao!" mmoja akasema, akipiga meza.

Na mimi nikacheka. Nisiseme uongo. Nilicheka mpaka Fatu akaamka mgongoni.

Bwana Ponsiano akageuka dirishani. "Mama, unacheka, kwani wewe unajua?"

Mdomo huponza kichwa. Nikajibu kama kasuku: "Mtaji ni mali inayotumika kuzalisha mali nyingine."

"Vitabu umesoma?"

"Vyote vitatu."

Ningeweza kusema nimesoma na nani. Sikusema. Wakaandika jina langu.

Njiani Mdoe hakununa hata kidogo. Alinipa hongera, akambeba mtoto, na wiki iliyofuata akanipigilia rafu za duka kwa mkono wake uleule mbovu. Lakini siku moja alasiri nilipofungua kitabu cha mwalimu ili nimsomee ile sura aliyoipenda, akaendelea na mahindi yake. "Soma kimoyomoyo, Mama Fatu," akasema. Tangu siku ile sikumsomea tena.

Miaka ikaja ya kukosa bidhaa. Dukani nikabaki na chumvi na viberiti. Asubuhi moja nikajikuta ninashusha viberiti rafu ya chini, ninapandisha chumvi rafu ya juu, kisha ninabadilisha tena, ili duka lisionekane tupu. Mkono umechoka, na sijauza kitu. Lahaula! Natakata! Nikafunga mlango mchana kweupe, nikaenda mbio nyumbani.

"Baba Fatu," nikamwambia nikitweta, "siku ile ulijibu sawasawa. Wale ndio hawakuelewa."

Hakuinua uso kwenye gunzi.

"Wale nilijua watacheka," akasema. "Nilikuwa nakutazama wewe."