Vyura wa Mama Eunike

Soila alikuwa akichuma mnavu nyuma ya nyumba, kule Moshono, alipomwona chura mkubwa kakaa chini ya mgomba. Mgongoni alikuwa na alama nyekundu, upana ule ule wa mwiko ambao Eunike, mama mkwe wake, alimpiga nao jana yake kwa kuunguza maziwa. Soila alijipapasa mgongo. Uliuma kama kidonda kibichi, lakini ngozi ilikuwa laini, haina hata mkwaruzo.

Akamaliza kuchuma mboga, akaingia ndani.

Tangu hapo ikawa hivyo. Eunike akimfinya, mjusi wa ukutani huonekana na doa jeusi shavuni. Akimmwagia chai ya moto, kinyonga wa kwenye uzio huamka na lengelenge, na upande ule haubadiliki rangi tena. Maumivu yalibaki kwa Soila. Alama ndizo zilizohama.

Eunike aliimba kwaya ya akina mama kanisani na aliheshimika. Alisema hakumkataza mwanawe kuoa Mwarusha. Alichokataa yeye ni uvivu. Mwanawe, Elirehema, aliendesha lori la mizigo ya Kongo na alikaa nyumbani kwa nadra. Aliporudi, Soila alimweleza yote. Elirehema akamwita mzee wa kanisa, Mzee Sumari, na jirani yao Joyce akaombwa amkague Soila chumbani.

"Mgongo ni safi," Joyce alisema alipotoka. "Ngozi kama ya mtoto."

"Alama ziko bustanini," alisema Soila.

Wakatoka wote. Mzee Sumari aliinama, akamtazama chura kwa makini.

"Ni kweli, huyu kapigwa. Tena kwa mwiko."

"Ni mwiko wangu," alisema Eunike. Hakuficha.

"Basi mwanangu," mzee akamgeukia Soila, "aliyeumia ni chura. Wewe Mungu amekuhifadhi. Tushukuru."

Wakasali pale pale katikati ya mboga. Elirehema alifumba macho kwa nguvu kuliko wote, na kesho yake akaondoka na lori.

Soila akampigia simu mama yake aliyeko Olmotonyi, akamwambia anataka kurudi nyumbani.

"Utarudi na nini cha kuonyesha?" mama yake aliuliza taratibu. "Bila hata kovu, baba yako atasema umemkimbia mume bure."

Eunike, kwa upande wake, alipata amani. Zamani alikuwa akiogopa macho ya majirani, hivyo alipiga kwa kujizuia. Sasa alimwita fundi, akachimbiwa kidimbwi karibu na migomba, kikajengewa ukingo wa mawe, ili vyura wasihame wakati wa kiangazi. Wakaongezeka. Wageni waliokuja kunywa chai walisifu bustani.

Jumamosi moja Joyce alikuja na ndoo yenye mfuniko. Mwanawe alikuwa ametoka kuoa binti wa Kikatiti aitwaye Vaileth, mpole, anayewaamkia wakubwa huku amepiga goti.

"Naomba wawili wa mbegu," Joyce alimwambia Eunike. "Dume na jike."

"Soila, mshikie mama."

Soila akakunja kanga, akaingia kidimbwini. Akawachagua wawili waliokonda, waliochoka, ambao wasingemaliza wiki. Hao wakifa, alifikiri, Vaileth atabaki angalau na kovu moja la kuwaonyesha watu.

"Sio hao," alisema Eunike akiwa ukingoni. "Yule mnene. Na yule pale."

Soila akawarudisha wale majini. Akamkamata mnene, akamkamata na mwenzake, akawatia ndoo. Joyce akashukuru, akafunika.

Wiki kadhaa baadaye Vaileth alikuja kanisani na gauni lisilo na mikono, ngozi inang'aa mafuta, na akina mama wakamsifia alivyotunzwa. Akaja kukaa benchi moja na Soila.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Za kwenu?"

"Nzuri tu, dada."

Mahubiri yalikuwa marefu siku hiyo. Kanisa zima liliegemeza migongo kwenye mabenchi isipokuwa wao wawili, waliokaa wima mpaka mwisho.