Mzee Amepunguza Kula

Mtu akiibiwa hujua pa kuanzia kulalamika. Ngendo hakuwa ameibiwa. Petroli yake ilikuwa inabaki, na kubaki huko ndiko kulikomkosesha raha.

Lori lenyewe lilikuwa Ford kuukuu aliloachiwa na marehemu mumewe, Jeconia. Lilibeba mawe ya kujengea kutoka machimbo ya Ruiru hadi Thika, na miaka yote lilikunywa petroli kama ng'ombe aliyefika mtoni baada ya kiangazi. Likipanda mlima lilitoa moshi mweusi hata wanawake walioanika nguo kando ya barabara wakazianua mbio. Jeconia alipokufa, Ngendo aliendeleza kazi na dereva yuleyule, Muigai, akampa sharti moja tu: kitu alichofunga mume wangu kwa mkono wake, mtu asikiguse.

Sasa, tangu mvua za masika zikatike, Muigai alikuwa akienda Thika na kurudi, Ngendo akichovya kijiti ndani ya tangi kama alivyofundishwa na mumewe, na kijiti kinatoka kimelowa mpaka juu. Akadhani amekosea. Akachovya tena. Akakinusa: petroli, si maji.

"Mungu wangu," alisema moyoni, "mjane wa Sarepta aliongezewa mafuta, lakini yeye alikuwa na nabii nyumbani. Mimi nina Muigai."

Mawe yalikuwa yanafika, kwa maana waliokuwa wakijenga hawakulalamika. Kwa hiyo safari ilifanyika. Basi kuna mtu alikuwa anaongeza petroli njiani, na wakati ule wa Emajensi, serikali ikipigana na watu wa msituni, petroli ikitolewa kwa kibali na kila njia ina kizuizi, hakuna mtu aliyekupa petroli kwa sababu anakupenda.

Ngendo hakumwambia mtu. Lakini jambo halikungoja aseme. Hedimani Waweru, mkuu wa kijiji aliyewekwa na serikali, naye mwenye lori la aina hiyohiyo, alikuja mwenyewe mpaka uani, akasimama na fimbo yake bila kukaribishwa.

"Hujambo, Mama Wangeci. Huonekani kwa petroli siku hizi."

"Sijambo. Niko."

"Uko, lakini kibali chako hukimalizi. Mimi nina lori ndugu ya yako. Yangu inakunywa mpaka nataka kulia. Yako imeokoka?"

"Wokovu ni wa watu, hedimani."

"Basi kuna mtu anailisha. Na anayeilisha anataka kitu. Labda inapelekea watu wa msituni unga, na wewe umelala na Zaburi kifuani." Akaugonga ukuta wa mbao kwa fimbo. "Kikulacho ki nguoni mwako, mama. Ijumaa nitakuwa pale kizuizi cha daraja. Utaniambia ni nani. Usiponiambia, lori italala pale, na huyo Muigai ataenda kueleza huko Manyani."

Alipoondoka, Ngendo aliketi kwenye kigoda akaomba, lakini maombi yalikuja vipande vipande. Bila lori hakuwa na la kufanya. Na Muigai alikuwa na mke na mtoto mchanga kule Murera. Waliofungwa kambi ya Manyani haikusemwa watarudi lini. Lakini kama kijana huyo alikuwa amemfanyia hila? Amri ilisema usimshuhudie jirani yako uongo. Haikusema umfichie.

Ijumaa asubuhi alijifunga leso kichwani, akapanda lori mbele.

"Mama, leo nawe unaenda Thika?" Muigai aliuliza, na Ngendo aliona jinsi alivyokaza usukani.

"Kwani Thika imefungwa?"

"La, ni vumbi tu."

"Vumbi nilizaliwa nalo. Endesha."

Darajani hedimani alikuwa bado hajafika, wakapita. Njia nzima Ngendo alitazama. Penye mteremko Muigai aliondoa gia, lori likateleza kimyakimya katikati ya mashamba ya mkonge. Mbona kimya? Anamsikiliza nani? Ngendo alichungulia kwenye mistari ya mkonge kama kuna mkono utakaopunga, akaona mbuzi tu. Tena akaona kitu kingine: walipopanda, nyuma yao anga ilikuwa safi. Ule moshi wa Jeconia haukuwepo. Hilo pia aliliweka kwenye hesabu ya mambo mabaya, kwa sababu lori lisilo na moshi mtu hawezi kulijua lilikopita.

Huko Thika walishusha mawe. Kisha Muigai, akikwepa macho yake, akasema atapita Majengo mara moja kumsalimu fundi Idarous, akaliegesha lori kando ya gereji yake. "Wewe pumzika ndani, mama."

Ngendo alipumzika mpaka kisogo cha Muigai kikapotea. Halafu akashuka, akazunguka mabati ya gereji, akasimama pale ambapo harufu ya grisi ilitoka kwenye tundu. Fundi Idarous alikuwa mtu mzima mwenye kofia ya kufumwa, na sauti yake ilikuwa ya mtu asiyeogopa kusikika.

"Vipi mzee? Bado anakula?"

Ngendo akasogeza sikio karibu na tundu. Siku zile neno hilo lilikuwa limeharibika kabisa. Ukisema fulani amekula, hakuna aliyefikiria irio wala ugali. Kula ilikuwa kula kiapo cha watu wa msituni, usiku, ndani ya nyumba ya watu, na aliyesemwa amekula alichukuliwa kabla hajavaa viatu.

"Anakula kidogo siku hizi," Muigai alijibu, akicheka. "Zamani alikuwa anakula mchana kutwa, hana aibu. Tangu umzibe mdomo ametulia."

"Asifunguliwe mdomo tena, bwana! Akilegea mlete hapa, nitamchoma sindano. Na mama je, amejua?"

"Wee! Mama akijua tumemgusa mzee, mimi nimekwisha."

Ngendo alishika bati lisitikisike. Mzee gani? Akamkumbuka mzee mmoja wa kanisa ambaye hakuwa ameonekana ibadani, ikasemwa ana homa. Homa! Wamemziba mdomo. Na sindano juu. Alirudi ndani ya lori, akaweka mikono magotini kama mtu aliyekaa pale tangu asubuhi.

Waliondoka. Walipita mto, wakapita mashamba ya mananasi. Ngendo alikuwa anapima. Kizuizini hedimani anangoja. Akisema aliyoyasikia, Muigai amekwenda. Asiposema, na kuna mzee amelala mahali mdomo umefungwa, damu yake ataulizwa nani? Walipokaribia njia ya Kalimoni, aliona haifai kumpeleka mtu kwa Waweru kabla ya kumuuliza mwenyewe.

"Muigai. Nani amekula?"

Lori liliyumba. Muigai alilirudisha njiani, akalisimamisha kando, akazima injini. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo.

"Nani amekuambia, mama?"

"Nakuuliza wewe."

"Mara moja tu," alisema, sauti ikawa kama ya mtoto. "Walinikuta nikitoka Murera, wakaniingiza nyumba ya watu. Aliyenitangulia alikataa, nikaona alivyofanywa. Ningefanya nini? Nilikula. Lakini sijawahi kuwabebea kitu, mama, hata punje ya mahindi. Naapa—"

"Usiape! Umeshaapa vya kutosha."

Ngendo alisikia injini ikilia ti, ti, ti, ikipoa. Hilo hakuwa ameliuliza, nalo sasa lilikuwa mapajani mwake kama mtoto wa watu.

"Mimi niliuliza habari ya mzee," alisema mwishowe.

"Mzee gani?"

"Yule mliyemziba mdomo, wewe na Idarous. Yule wa kuchomwa sindano."

Muigai alimtazama. Akatazama mbele. Halafu kitu kikampasua, hujui ni kicheko au ni kilio, akaupiga usukani kwa kiganja. "Haiya! Mama! Mzee ni huyu! Huyu hapa tumemkalia!"

"Na yule wa kanisa?"

"Yule ana homa, mama. Jana nilimwona anaota jua."

Akamweleza, maneno yakikanyagana. Ndani ya kabureta kuna kijitundu cha shaba ambako petroli hupita kwenda kwenye injini. Marehemu alikuwa amekipanua kwa mkono wake ili lori lipate nguvu ya mlima. Nguvu iliongezeka kidogo, petroli ikaenda nyingi, nusu yake ikatoka nyuma kama moshi bila kufanya kazi. Idarous alikiziba kwa lehemu, akakitoboa upya kwa sindano nyembamba. Boya la ndani, linalofungia petroli inapojaa, akalikunja lifunge mapema. Ni hivyo tu.

"Na mimi mkanificha."

"Ulisema kitu cha Baba Wangeci kisiguswe. Niliogopa. Nilitaka uone petroli imebaki, ufurahi kwanza, halafu nikuambie."

"Nilifurahi sana," alisema Ngendo kwa uchungu. "Washa gari. Waweru anatungoja."

Darajani, hedimani alikuwa amesimama katikati ya barabara. Pamoja naye alikuwa askari mmoja mrefu, Tobias, mtu wa Nyanza, bunduki begani na macho ya mtu aliyechoka na jua. Kwa ajili ya Tobias, hedimani alisema Kiswahili.

"Mama Wangeci. Sema hapa mbele ya serikali. Kwa hii rori yako, nani anakura?"

"Kula nini?" Tobias akadakia. "Kama kuna chakula semeni. Mimi tangu asubuhi niko na maji tu."

"Si chakura hiyo, afande. Nyamaza kwanza."

Ngendo alishuka polepole. Alimwona Muigai kwenye kona ya jicho, mikono juu ya usukani. Hakuwahi kusema uongo tangu alipobatizwa, na hakutaka kuanza kwenye daraja la Ruiru. Lakini aliyeulizwa habari za lori ataje lori.

"Kwa hii lori anayekula ni injini," alisema. "Na siku hizi amepunguza. Ilikuwa na tundu kubwa, fundi ameziba, akatoboa ndogo. Hakuna mtu anayenipa petroli."

"Usinizungushe, mama. Tundu!"

"Yako ikipewa galoni moja kutoka hapa, inafika wapi?"

"Inakufa kabla ya njia ya Karimoni. Kira mtu anajua."

"Basi fungia yangu galoni moja, wewe mwenyewe. Ikifia pale yako inapofia, mimi ni mwongo, nichukue na lori yangu na dereva wangu."

Waweru aliona ni mtego, lakini hakuona mdomo wa mtego uko wapi. Mwishowe akakubali. Alisimamia mwenyewe: petroli ikatolewa tangini, ikapimwa kwenye mkebe wa galoni, bomba la tangi likafungwa, mkebe ukafungwa kwa kamba juu ya boneti na mpira ukashuka mpaka kwenye kabureta. Akachungulia chini ya kiti. Akachungulia hata ndani ya kikapu cha Ngendo, akakuta Biblia na ndizi. Ndizi akampa Tobias. Kisha akaingia mbele, Ngendo akabanwa katikati, na Tobias akapanda nyuma akila.

Wakarudi njia waliyotoka. Muigai aliendesha kama mtu aliyebeba mayai. Penye mteremko aliondoa gia, na hedimani akafoka, "Mbona unazima?"

"Sizimi, mzee. Namwacha ashuke na miguu yake."

Mashamba ya kahawa yakaisha, mkonge ukaanza. Hedimani alikuwa ametoa kichwa dirishani akitazama mkebe usiwe na hila. Njia ya Kalimoni ikaja. Injini ikaendelea. Ikapita. Hedimani akarudisha kichwa ndani, akatazama miguu ya Muigai, akatazama tena nje. Wakapanda mlima mdogo, wakashuka, wakapanda mwingine, na ndipo Mzee alipokohoa, akakohoa tena, akanyamaza.

Nyuma Tobias aliuliza, "Tumefika?"

Waweru alishuka, akatikisa mkebe: mkavu. Akafungua boneti akatazama ndani kwa muda mrefu, kama mtu anayetazama kisima alichoangusha kitu. Ngendo alijua swali lililobaki. Kama angeuliza sasa, hivi, jina kwa jina, huyu dereva wako amekula kiapo au hakula, angelazimika kujibu kweli. Alisimama kando ya barabara akimwomba Mungu alifunge neno hilo.

"Huyo fundi," alisema Waweru, bado kichwa kiko ndani ya boneti, "anaitwa nani?"

"Idarous. Majengo, Thika."

"Anaweza kuziba yangu?"

"Injini ni ndugu. Kwa nini asiweze?"

"Mwambie Jumatatu nitamletea. Na asiwaambie watu wengine." Akafunga boneti kwa kishindo, na alipogeuka uso wake ulikuwa wa mtu anayehesabu petroli yake, si watu wa Manyani. Wakafungulia bomba la tangi, wakamrudisha darajani na askari wake, na kizuizi kikainuliwa.

Walipobaki wawili, Muigai alianza, "Mama, Mungu akubariki, wewe—"

"Usinishukuru. Sikusema uongo, wala sikusema yote, na hilo nitalijibu mimi mwenyewe nikiwa nimepiga magoti. Ile yako ipeleke kwa Mungu. Kwangu usiitaje tena."

"Ndiyo, mama."

"Tazama barabara."

Alitazama. Ngendo naye alimtazama yeye: mikono ile, shingo ile, kijana aliyekula nyumbani kwake miaka yote. Sijawahi kuwabebea kitu, alikuwa amesema. Labda ni kweli. Petroli mtu anaweza kuipima kwa mkebe.

Walipofika uani, Muigai alizima gari, akaanza kuutia ufunguo wa lori mfukoni mwake kama kila siku. Ngendo alinyoosha mkono, kiganja wazi. Muigai alisita kidogo, akauweka pale. Kutoka siku hiyo kila asubuhi alikuja kuuomba mlangoni, na kila safari ya Thika ilikwenda na mama amekaa mbele, kikapu magotini, macho kwenye mkonge.